Mfupa Umeunga, Lakini Mkono Haukunjiki



Mara nyingi katika kurasa hizi tumezungumza juu ya ajali za kazini: mashine zisizo na kinga, ngazi mbovu, viatu na glavu ambazo waajiri huahidi kisha wakasahau. Hayo yote ni kweli na tutaendelea kuyasema. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo linalokuja baadaye, wakati ajali imekwisha kusahauliwa na kila mtu isipokuwa yule aliyeumia. Mfanyakazi anavunjika mkono au mguu, anatibiwa, mfupa unaunga vizuri, plasta inatolewa, anaambiwa amepona. Kumbe kiungo kimekaza. Hakikunjiki wala hakinyooki, na mtu huyo hawezi tena kazi yake.

Sisi tunaona kwamba hapo ndipo wafanyakazi wengi wanapopotezewa haki yao, tena mchana kweupe. Mwajiri anasema, "Nimelipa hospitali." Hospitali inasema, "Mfupa umeunga." Watu wa bima wanasema, "Leteni cheti cha asilimia." Kila mmoja amefanya sehemu yake, na mkono bado haukunjiki. Shabaha ya makala hii ni kusema wazi kwamba kukirudishia kiungo mwendo wake ni sehemu ya matibabu, sawa na plasta na sindano, na kwamba anayepaswa kugharimia plasta anapaswa kugharimia na hilo.

Tumchukue ndugu mmoja tunayemfahamu, mpakiaji wa miwa katika Busoga. Alianguka kutoka juu ya trela, akavunjika mkono karibu na kifundo. Alifungwa plasta iliyofika karibu na ncha za vidole, akaambiwa arudi baada ya majuma 6. Hakuna aliyemwambia avitikise vidole. Naye, kama ambavyo sisi sote tungalifanya, aliuning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa na kuutunza kama yai. Majuma 6 yalipokwisha plasta ilikatwa, picha ikapigwa, mfupa ukaonekana umeunga sawasawa. Lakini ndugu yetu hakuweza kufumba ngumi. Vidole vilibaki nusu wazi, vinene, vinang'aa, na bega nalo halikupanda juu ya sikio. Nyapara akamwita kazini Jumatatu, akampa panga. Panga likamponyoka. Baada ya muda si mrefu akaambiwa hakuna kazi ya kumfaa. Akapimwa ulemavu, akalipwa kwa mkupuo, akarudi kwao. Fedha hazikumaliza mwaka. Mkono mpaka leo haushiki jembe.

Hatutaji shamba wala hospitali, kwa sababu habari hii si ya mahali pamoja tu. Kila mjumbe wa tawi anayesoma haya, awe wa kiwanda cha chai, wa reli, wa majengo ya Kampala au wa karakana za Jinja, anaweza kuweka hapo jina la mtu wa kwake.

JINSI KIUNGO KINAVYOKAZA

Ni vizuri tufahamu jambo lenyewe, maana mtu asiyefahamu hawezi kudai. Sehemu ya mwili iliyoumia huvimba. Maji yaliyomo katika uvimbe huo si maji matupu. Yana utomvu ndani yake, na yakikaa siku nyingi bila kusogezwa hugeuka kama gundi. Kano, yaani kamba zinazovuta vidole, hupita katika ala zake kama waya wa breki ya baisikeli unavyopita katika mpira wake. Waya uliolala mvuani bila kutumiwa hukwama, na kano nazo hunata. Mfuko unaokizunguka kiungo husinyaa na kuwa mfupi. Misuli isiyofanya kazi hukonda, na katika majuma machache tu paja la mguu uliofungwa huonekana jembamba kuliko mwenzake.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayotakiwa kwa wakati mmoja. Mfupa uliovunjika unataka kutulia. Viungo vilivyo jirani yake vinataka kutembea. Zamani matabibu wenyewe walishindana juu ya jambo hili. Katika karne ya 19 Hugh Owen Thomas wa Liverpool alifundisha mapumziko marefu, na Lucas-Championnière wa Ufaransa akafundisha kutembeza na kukanda mapema. Siku hizi inafahamika kwamba kila mmoja alishika nusu ya ukweli: mfupa ushikwe imara, na kila kiungo ambacho hakina haja ya kushikwa kiachwe huru tangu siku ya kwanza.

Ndiyo sababu plasta ya kifundo cha mkono hutakiwa kuishia kwenye mkunjo wa kiganja, ili vidole viweze kukunjika mpaka mwisho. Iwapo hapana budi mkono wote ufungwe, hufungwa huku vidole vimekunjwa pale vinapoanzia kiganjani na kunyooshwa kwingine kote. Katika hali hiyo kamba za pembeni ya viungo hubaki ndefu, hazipati nafasi ya kusinyaa. Vivyo hivyo kwa mfupa wa paja. George Perkins wa London alionyesha namna ya kuuvuta kwa uzito huku mgonjwa akilikunja goti lake palepale kitandani, na njia yake inatumika katika hospitali nyingi za Afrika, kwa sababu haihitaji mashine bali kitanda kinachokunjika, mawe ya uzito na mtu wa kumhimiza mgonjwa. Mtu aliyelala majuma 12 na goti lililonyooka, hata mfupa ukiunga namna gani, huamka na mguu kama mti.

Viungo vyote havifanani. Kiwiko ndicho chenye hasira kuliko vyote: kikifungwa zaidi ya majuma 3 huanza kukaza, na kikilazimishwa kwa nguvu hukaza zaidi. Bega hukaza hata kama halikuumia, kwa sababu tu mkono ulining'inizwa, hasa kwa mtu aliyepita miaka 40. Kiasi cha mwendo kinachotakiwa nacho hutofautiana kwa kazi ya mtu. Goti linalokunjika nyuzi 70 hutosha kutembea mahali tambarare, lakini kuinuka kitini hutaka zaidi ya 90, na kuendesha baisikeli hutaka karibu 110. Kiwiko kinachokunjika mpaka nyuzi 130 hufikisha kijiko mdomoni. Kikiishia 90, mtu hulishwa na mkono mwingine. Karani mwenye kidole kimoja kigumu ataandika. Fundi wa mitambo mwenye kidole hichohicho hataweza kuingiza mkono nyuma ya injini akashike nati.

Samaki mkunje angali mbichi, wazee walisema. Walikuwa wakisema juu ya watoto, lakini hakuna neno linalofaa zaidi kwa kiungo kilichoumia. Mwendo unaorudishwa katika majuma ya kwanza hurudi kwa jasho kidogo. Uliosubiri miezi 6 hurudi kwa machozi, na mwingine haurudi kabisa.

ANALOWEZA KUFANYA MWENYE KUUMIA

Hatutaki kumfanya kila msomaji kuwa tabibu. Lakini kuna swali moja ambalo tunataka kila mwanachama alishike moyoni, alitamke hospitalini kabla hajainuka: "Ni viungo vipi nivitembeze tangu leo, na ni vipi nisivitembeze mpaka lini?" Swali hili ni la lazima, kwa sababu kuna majeraha ambayo hutaka kungoja. Kano iliyokatika ikashonwa, kwa mfano, hutembezwa kwa utaratibu maalumu tu; mtu akijivutia kwa nguvu itakatika tena.

Kwa mtu aliyevunjika kifundo cha mkono, jibu la kawaida ni hili. Siku za kwanza mkono uinuliwe juu kuliko moyo, hata wakati wa kulala, ili uvimbe ushuke. Vidole vifumbwe na kufunguliwa mpaka mwisho wake, mara 10 katika kila saa ambayo mtu yu macho. Kitambaa cha shingoni kivuliwe mara kadhaa kwa siku, kiwiko kikunjwe na kunyooshwa, mkono upandishwe juu ya kichwa. Mwenye plasta ya mguu akaze misuli ya paja na kuilegeza, na avitikise vidole vya mguu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha.

Plasta ikitolewa ndipo kazi kubwa inapoanza. Mkono hulowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hivi, kisha hutembezwa ungali laini. Mtu afinyange donge la unga wa chapati, akamue kitambaa, aokote maharage moja moja katika bakuli. Goti liteleze mbele na nyuma juu ya chupa, au lizungushe kanyagio za baisikeli iliyosimamishwa. Bega lipandishwe kwa kamba iliyopitishwa juu ya boriti, mkono mzima ukimvuta mwenzake mgonjwa. Kidogo kidogo mara nyingi kwa siku ni bora kuliko saa nzima mara moja kwa juma. Maumivu yanayotulia baada ya muda mfupi ni ya kawaida. Maumivu yanayolala mpaka asubuhi pamoja na uvimbe mpya ni dalili kwamba mtu amezidisha, apunguze, asiache.

Palipobaki ugumu, wataalamu wa fiziotherapia wana njia nyingine. Kidole kilichopinda, kwa mfano, hufungwa kipande kidogo cha plasta kinachobadilishwa kila baada ya siku chache, na kila mara kinanyooka kidogo zaidi. Daktari Paul Brand aliitumia sana njia hii kule Vellore, India, kwa mikono ya watu wenye ukoma. Ni plasta ileile, maji yaleyale. Kinachotakiwa ni mtu aliyefundishwa na mgonjwa anayeweza kurudi kwake.

Hapa tuseme na maonyo. Hatuwadharau waganga wetu wa mifupa, maana wengi wetu tumepita mikononi mwao. Lakini kiwiko kisikandwe kwa nguvu wala kisinyooshwe kwa kubebeshwa ndoo ya maji, kwa sababu kinaweza kuota mfupa ndani ya misuli na kufungika moja kwa moja. Na mtu mwenye plasta au vijiti, akiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinakufa ganzi, vinakuwa baridi au vinabadilika rangi, au vikinyooshwa anapiga kelele, asingoje asubuhi. Arudi hospitalini saa ileile, kifungo kifunguliwe. Mikono imekatwa kwa sababu ya kungoja usiku mmoja.

SHERIA INASEMAJE

Kwetu Uganda tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Sheria hii haimtaki mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alikosea. Yatosha kwamba aliumia kwa kazi na katika kazi. Inamtaka mwajiri awe na bima. Inamtaka alipe gharama za haki za matibabu, hospitali, uuguzi na dawa. Kwa ulemavu kamili wa kudumu malipo ni mshahara wa miezi 60, na kwa ulemavu wa sehemu hulipwa asilimia ya kiasi hicho. Panapotokea mabishano juu ya asilimia, Ofisa wa Kazi anaweza kulipeleka jambo mbele ya bodi ya matabibu waliowekwa kusuluhisha.

Mabishano huanza pale mfanyakazi anapoleta hati ya fiziotherapia. Anaambiwa, "Hayo ni mazoezi, si matibabu." Sisi tunasema ni matibabu. Aliyeamuru plasta ni tabibu, na anayeamuru mazoezi ni tabibu huyohuyo. Kama mwajiri hawezi kusema dawa ya vidonda ni anasa, hawezi kusema hivyo juu ya kurudisha mwendo wa mkono. Tena huduma hii kwa kawaida hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa, kama Mulago na zile za mikoa, nayo hutaka mtu arudi mara nyingi. Mpakiaji wa miwa anayekaa kambini kilomita 40 kutoka hospitali atatoa wapi nauli mara mbili kwa juma, naye yuko nyumbani bila posho za kazi? Asipokwenda huandikwa kwamba ni mgonjwa mzembe. Nauli ndiyo iliyomshinda.

Majirani zetu wametangulia katika baadhi ya mambo. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Miongoni mwa mafao yake ni huduma za kumrekebisha mfanyakazi ili aweze kurudi katika kazi na maisha yake. Mkataba Namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unazitaka nchi zilizouridhia ziweke huduma kama hizo kwa walioumia kazini, na Kongo iliuridhia mwaka 1967. Uganda yenyewe iliridhia mwaka 1990 Mkataba Namba 159, unaohusu kuwarekebisha watu wenye ulemavu na kuwapatia ajira. Kuridhia mkataba ni kutoa neno. Tunayo haki ya kuuliza neno hilo limefika wapi katika kambi za miwa.

HOFU YA KUPOTEZA FIDIA

Sasa tuseme jambo ambalo hatupendi kulisema hadharani, lakini sote tunalijua. Wako wenzetu wanaoogopa kufanya mazoezi. Wanasema, "Mkono huu mgumu ndiyo hati yangu. Ukilainika kabla sijapimwa, nitalipwa nini?" Wengine hushauriwa hivyo na marafiki, na wengine na watu wanaotaka kugawana nao fedha za fidia.

Hatuwalaumu. Mtu aliyeona wenzake wakifukuzwa baada ya kuumia hujishikiza kwa kile kidogo anachokiona. Lakini tupige hesabu pamoja. Tuseme mkono umekadiriwa asilimia 20. Asilimia 20 ya miezi 60 ni mshahara wa miezi 12. Ni mwaka mmoja. Mfanyakazi mwenye miaka 30 ana miaka mingine 30 ya kuishika kazi, na mkono huo ndio atakaolimia, atakaofungia vifungo vya shati na atakaombebea mtoto. Mwaka mmoja wa mshahara kwa miaka 30 ya mkono ni biashara mbaya, hata sokoni hakuna anayeikubali.

Tena tusidanganyane: wanaofaidika na hofu hiyo ni waajiri. Ni rahisi kwao kulipa mara moja na kumwondoa mtu kuliko kumgharimia miezi ya mazoezi na kumwekea nafasi yake. Kwa hiyo dawa ya hofu hii haipatikani kwa kumhubiria mgonjwa. Itapatikana kwa kuweka utaratibu ambao mtu anayepona hapotezi kazi, na asiyepona pamoja na kujitahidi kwake analipwa haki yake bila kusumbuliwa. Maana wapo wasiopona. Kiungo kilichosagwa na mashine hakirudi kuwa kipya kwa mazoezi, na mwenye kiungo hicho asiambiwe kwamba alikuwa mvivu.

WENGINE WALIFANYAJE

Kuna watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Basi tuangalie jinsi nchi moja tajiri ilivyoanza. Wachimbaji wa makaa wa Uingereza walivunjika mapaja, migongo na mikono kwa wingi. Mwaka 1920 sheria ya migodi ya nchi hiyo iliwataka wenye migodi watoe peni 1 kwa kila tani ya makaa iliyochimbwa, iingie katika mfuko wa maslahi ya wachimbaji. Huko Wales ya kusini wachimbaji walikuwa na jumba la Talygarn, lililofunguliwa mwaka 1923 kuwa mahali pa wagonjwa kupata nafuu, na mwaka 1943 likageuzwa kituo cha kuwarudisha kazini walioumia. Karibu na Mansfield kulikuwa na kituo cha Berry Hill Hall, kilichoanza mwaka 1939 chini ya daktari mpasuaji E. A. Nicoll, na waliokianzisha walikuwa kampuni ya bima ya wenye migodi wenyewe. Kampuni ya bima haitoi fedha kwa huruma; hutoa ikiona kwamba mtu anayerudi kazini ni nafuu kuliko mtu anayelipwa ulemavu. Hayo waajiri wetu na watu wao wa bima nao wayapigie hesabu.

Peni 1 kwa tani si utajiri. Kwetu hapa, magari yanayoingiza miwa kiwandani hupimwa kwenye mizani, na kila mfuko wa sukari huhesabiwa. Tunauliza: je, haiwezekani kila tani itoe kiasi kidogo sana kwa ajili ya chumba kimoja cha mazoezi katika zahanati ya shamba, chenye meza, kamba, baisikeli moja ya kusimama, na mtaalamu wa fiziotherapia anayefika mara mbili kwa juma? Kuliko kumsafirisha mgonjwa mmoja mmoja mpaka mjini, ni nafuu mtaalamu mmoja asafiri akawakute 20.

TUNAYOTAKA KATIKA MIKATABA YETU

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila tawi linapokwenda mezani kujadili mkataba wa pamoja, liweke mambo haya mbele.

Kwanza, kila mfanyakazi aliyevunjika au kupondeka kiungo aonwe na mtu wa fiziotherapia tangu juma la kwanza, si baada ya plasta kutolewa. Na mwajiri alipe huduma hiyo pamoja na nauli.

Pili, saa za mazoezi zihesabiwe kuwa saa za matibabu, na mshahara usikatwe.

Tatu, ulemavu wa kudumu usipimwe kabla tabibu na mtaalamu wa viungo hawajaandika kwamba kiungo kimefika mwisho wa nafuu yake. Cheti cha haraka ni hasara kwa mfanyakazi.

Nne, kuwe na kazi nyepesi ya kweli, inayopandishwa hatua kwa hatua mpaka mtu arudi mahali pake. Kumpa mtu mwenye bega gumu kazi ya kupakia magunia na kuiita nyepesi ni kumvunja mara ya pili. Kumkalisha langoni mwezi mzima bila kazi yoyote, ili achoke aondoke mwenyewe, ni ufidhuli.

Tano, maelezo ya mazoezi yaandikwe na kuchorwa kwa lugha ambayo mgonjwa anaifahamu. Katika mashamba na viwanda vyetu kuna watu wa Lango, wa West Nile, wa Kongo, wa Kenya, na wengi huonana kwa Kiswahili. Karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa mfukoni haijamkunja mtu kidole.

Nasi tunao wajibu wetu. Mjumbe wa tawi awe na daftari. Mwenzetu akiumia, aandike tarehe, mahali na mashahidi, na ahakikishe taarifa imefika kwa mwajiri na kwa Ofisa wa Kazi. Kisha kila juma amtembelee, ampime kwa njia rahisi: afumbe ngumi, ncha ya kidole imebaki mbali na kiganja kwa upana wa vidole vingapi? Vitatu, viwili, kimoja? Aandike. Daftari hilo litamtia moyo mgonjwa, kwa kuwa ataona mwendo ambao macho yake hayauoni kila siku. Na siku ya mabishano litakuwa ushahidi kwamba mfanyakazi huyu alijitahidi, na aliyechelewesha ni nani.

Jamaa wa nyumbani nao wasaidie. Tunafahamu mapenzi ya mama au mke anayemzuia mgonjwa asiguse kitu. Lakini mkono unaohurumiwa kupita kiasi ndio unaokaza. Mwacheni akamue nguo, achambue maharage, asukume chapati. Wanaume watakaocheka, na wacheke. Watanyamaza watakapomwona amerudi na spana mkononi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi lazima apewe koleo lililotengenezwa, asipewe fedha ya kununulia makaa ya siku moja na kuonyeshwa mlango. Mjumbe wa tawi unayesoma haya, kesho uliza katika idara yako ni nani aliye nyumbani na plasta. Nenda ukamwone, umwambie afumbe ngumi mbele yako, na uandike ulichokiona.